Kijiti cha Kuchungulia

Jumatatu, 23 Februari

Watu wa umeme wamekuja na msumeno leo, wameukata msanapichi wetu wa getini upande mzima, eti unagusa nyaya. Unagusa nini! Mti ule ulikuwa ukizipepea nyaya zile kabla huyo kijana wa msumeno hajaota jino. Nimetoka na mwiko mkononi, tayari kwa vita, lakini kijana kaniona kutoka juu ya ngazi, kasema, "Shikamoo, bibi," na hasira ikaniishia nusu. Ndivyo wanavyotuweza hawa.

Matawi yamelala barabarani yanachuruzika utomvu, mweupe kama maziwa. Maua nayo yamekanyagwa na kila mpita njia. Roho imeniuma. Nimeokota matawi yaliyokomaa, yale ya kijivu si ya kijani, nikayakata kwa kisu cha mkate vipande vya urefu wa kiwiko hadi ncha za vidole. Mwanangu kanikuta nimejaa utomvu mpaka kwenye nyusi. Kasema, "Mama, ungenunua mche tu." Nikamwambia na yeye ningemnunua tu, nisingehangaika kumzaa.

Shajara hii ni yake. Amepewa kazini kwao, kwenye kutengeneza majokofu, hakuitaka. Mimi sipendi kitu kitupwe, basi naandika.

Niandike na la pili, kwa kuwa ndilo la kwanza. Mkwe wangu amelala chumba cha mbele. Mimba hii ni ya tatu. Ya kwanza ilitoka mwezi wa tano, ya pili mwezi wa sita. Hii iko ukingoni mwa wa tano. Daktari kamshona uzi kwenye mlango wa kizazi, kaagiza alale, asiinue hata ndoo. Ndiyo maana wamehamia kwangu, nimwangalie mimi mchana mume akiwa kazini. Nyumba nzima tunatembea kwa vidole kama kuna keki kwenye tanuri.

Jumanne, 24 Februari

Vijiti nimevilaza chini ya ngazi, kivulini, vikauke kidonda. Kijiti cha msanapichi ukikipanda kibichi, utomvu haujakatika, kinaoza chini huku juu kinakuchekea. Jirani yangu Redio aliokota vyake jana hiyo hiyo, keshavipanda na kuvimwagia ndoo nzima. Nimemwambia. Redio hutangaza, haisikilizi.

Ijumaa, 27 Februari

Mkwe anasema maneno kumi kwa siku, na matano kati ya hayo ni "asante". Ni mpima ardhi, kazi yake kusimama juani na mitambo yake, kujua kwa hakika ukuta wa mtu unaanzia wapi. Sasa kalazwa kitandani anaipima dari.

Leo kaviona vijiti kupitia mlangoni. "Mama, vile vinangoja nini?"

"Vinakauka."

"Vikikauka si ndiyo vimekufa?"

"Msanapichi haufi kwa kukauka, mwanangu. Unakufa kwa kubembelezwa."

Akatikisa kichwa, akageukia ukutani. Simwelewi. Sijamsikia hata siku moja akisema "mtoto". Anasema "hali hii". Hajanunua hata soksi moja. Mimi miezi kama hii nilikuwa nimeshona nepi za kuvisha kijiji kizima. Huyu utafikiri amebebeshwa mzigo wa jirani, akiombwa aurudishe anaurudisha.

Jumanne, 3 Machi

Joto. Vijiti vimesinyaa vizuri. Redio kavimwagilia vyake tena.

Jumatatu, 9 Machi

Nimepanda. Makopo kumi ya mafuta ya kupikia niliyopewa na wenzangu wa kiwanda cha mikate siku nilipostaafu (wengine hupewa saa). Nimeyatoboa chini, nikatia mchanga mwingi na udongo kidogo, kijiti kimoja kila kopo, kimesindiliwa kisiyumbe. Maji nusu kikombe, basi, mpaka nitakapojisikia.

Nimeyapanga juu ya ukuta wa baraza chini ya dirisha la mkwe, apate cha kutazama. Kauliza mizizi itatoka lini.

"Ikitaka yenyewe. Mwezi na nusu, miwili."

"Na katikati hapo mtu anafanya nini?"

"Anafanya mambo yake."

Hakuipenda hiyo.

Alhamisi, 12 Machi

Redio kaja kumjulia hali mgonjwa. Nilimkaribisha kwa moyo mweupe, Mungu shahidi yangu. Hata chai haijapoa, kanyoosha kidole dirishani: "We, shoga, mbona umempangia mwenye mimba miti ya makaburini? Mimi hiyo nimeizoea kuiona makaburini tu."

Nimemtoa. Sikumsukuma, lakini nilimpa kikoba chake, na viatu nilimsogezea kwa mguu. Nimemwambia asikanyage hapa mpaka nimwite.

Nikarudi chumbani nimeandaa maneno ya kumfuta machozi mkwe. Alikuwa mkavu. "Mama, mti haujui umepandwa wapi," akasema, akaomba maji. Ndipo nikazidi kumwogopa.

Jumanne, 17 Machi

Vijiti vitatu vinayumba. Mimi nilivisindilia mwenyewe kwa dole gumba, mimi niliyekanda unga miaka thelathini. Ni paka wa Redio tu, mwenyewe kashindwa kuja, kamtuma paka.

Jumatano, 18 Machi

Nimevisindilia upya. Paka nimemrushia kandambili, sikumpata.

Jumamosi, 21 Machi

Vinayumba vitano! Nimeweka miiba kuzunguka makopo. Mwanangu kaniambia nimejenga gereza. Nimemwambia afadhali niwe na gereza kuliko kuwa na wafungwa waliotoroka.

Jumanne, 24 Machi

Leo nimemkamata mwizi, na natamani nisingemkamata.

Nilitoka kwenda dukani, nikakumbuka nimesahau miwani, nikarudi kwa mlango wa nyuma. Chumba cha mbele kitupu. Kitanda kimevurugwa. Mungu wangu! Nikakimbilia barazani.

Mkwe amepiga magoti kwenye sakafu, na tumbo lake lile. Miiba ameipanga pembeni vizuri kwa mstari, mpimaji haachi upimaji. Mkononi ana kijiti, amekichomoa chote, amekigeuza chini juu, anatazama kitako chake karibu na jicho kama mtu anayetunga uzi kwenye sindano. Akakipangusa mchanga, akakirudisha, akasogea kwenye kopo la pili.

Nilipaza sauti. Nilisema mengi. Kwamba ameambiwa alale, kwamba analiona tumbo lake kama mpira, kwamba mizizi ikianza huwa midogo kama nywele, ukivuta unaikata, kila siku anaikata, kila siku! "Unaviua! Wewe ndiye unayeviua! Huwezi kukiacha kitu kikaota?"

Nililisikia neno lile likitoka na sikuweza kulirudisha.

Hakulia. Alikaa chini, mgongo ukutani, mikono ina mchanga.

"Nataka kujua mapema, Mama," akasema. "Basi. Kama kimekufa, nijue siku hiyo hiyo."

"Ukijua mapema utafanya nini?"

"Sitakuwa mjinga. Ile ya pili, daktari alisema alikuwa ameshakufa siku nne. Siku nne, Mama. Na mimi siku hizo zote nilikuwa nampigia hadithi. Namwimbia. Nilienda sokoni nikamnunulia kofia ya njano, nikamwonyesha. Nilimwonyesha kofia, Mama, na hakuwepo."

Nilishuka chini, kwa miaka yangu hii kushuka ni safari, nikakaa naye sakafuni. Mkono wake ulikuwa baridi na juani pale. Mwenye kovu usidhani kapoa. Nimeusema msemo huo maisha yangu yote, na kovu lilikuwa chumba cha mbele nikiliita kiburi.

Tulikaa mpaka jua likatufikia miguuni. Nikamwambia, "Haya mama, inuka taratibu, ukalale. Kofia ilikuwa nzuri?"

"Nzuri sana," akasema, na hapo ndipo alipolia.

Jumatano, 25 Machi

Nimempelekea kopo moja chumbani, nimeliweka juu ya kiti karibu na mto.

"Hiki ni chako cha kuchungulia. Kichomoe asubuhi, kichomoe jioni, kitazame utakavyo. Ila vile tisa viache, ni vyangu."

Alinitazama kuona kama namdhihaki. "Na kikifa?"

"Kikifa tutakuwa na wawili wa kumlaumu, mchomoaji na mtoa ruhusa."

Kacheka. Kidogo, puani. Nimekihesabu kama kicheko.

Jumatatu, 30 Machi

Mwanangu huyu mimi nilimwona hana habari. Anaingia anapiga mluzi, anatania, anauliza kilichopikwa. Leo nimemkuta nyuma karibu na tangi la maji amekaa juu ya ndoo, feni ya kutengeneza iko mapajani na hafanyi chochote. Kasema, "Mama, nikikaa kimya mbele yake ataona ninaogopa." Nikamwambia aendelee kupiga mluzi basi, ila abadilishe wimbo, huo umetuchosha.

Alhamisi, 2 Aprili

Mvua. Imeingia kwa kishindo, bati zima linaimba. Nimeyasogeza makopo yote ndani zaidi ya baraza, hadi kwenye dirisha la mkwe, maji yasiyafikie. Vijiti vya Redio nimeviona juu ya ukuta wake: vyeusi, laini kama ndizi zilizooza. Sikufurahi. Kidogo tu.

Jumapili, 5 Aprili

Tumeupita mwezi wa sita. Hakuna aliyesema. Mwanangu kaleta tikiti maji kubwa, tumekula bila kusema tunasherehekea nini.

Ijumaa, 10 Aprili

Nilishindwa kuandika jana. Leo nikiacha nitasahau mpangilio.

Jana mvua haikukata tangu alfajiri. Mwanangu alikwenda kazini mbali, hotelini, chumba cha barafu kimeharibika. Saa nne nasikia mkwe ananiita, si kwa nguvu. "Mama. Tumbo linakaza." Nikaweka mkono. Gumu kama ubao. Likalegea. Nikaanza kumwambia hayo ni ya kawaida, likakaza tena, na shuka nikaliona. Damu si nyingi. Lakini sisi damu tunaijua.

Simu ya mwanangu haipatikani. Mwenye teksi niliyempigia kasema barabara imejaa maji, haji mtu. Nikatoka getini bila mwamvuli, nimesimama nikipunga mkono kwa magari ambayo hayapo. Na nani anatoka? Redio. Mwezi mzima hatujasemezana. Hakuuliza kitu, kanitazama uso tu, akavuka barabara maji yamemfika magotini huku anapiga kelele kwenye simu. Mwanamke yule anajua namba ya kila mtu, anajua nani yuko wapi na anafanya nini saa ngapi, na mimi kwa hilo nimemcheka miaka. Kumbe dereva wa gari la mikate, kijana niliyemfundisha kazi mwenyewe, alikuwa anashusha mzigo duka la mtaa wa pili. Redio kajua kwa sababu Redio anajua. Hata chai haichemki, gari liko getini.

Tumemlaza mkwe katikati ya kreti, magodoro mawili chini, ubavu wa kushoto. Redio kakaa miguuni, mimi kichwani. Ndani giza, mikate ya moto pande zote, harufu ile ninayoipenda kuliko zote duniani, nami sikuweza kupumua. Gari likizama kwenye shimo, sote watatu tunashika tumbo moja, mikono sita.

"Mama, anacheza?" ananiuliza. "Nimekosa kumsikia. Weka mkono, niambie kweli. Usinifariji. Niambie kweli."

Niliweka. Sikusikia kitu. Gari linatikisika, moyo wangu unapiga hata kwenye viganja, nitasikia nini? Na yeye macho yote kwangu. Maisha yangu nimesema uongo mdogo mdogo mwingi, wa kununulia amani. Huu nao ulikuwa mdomoni tayari.

"Sijui," nikamwambia. "Sisikii kwa sababu ya gari. Sijui, mwanangu. Tuko pamoja hatujui."

Akafumba macho, akanishika kidole, akasema, "Sawa." Redio analia kwa sauti kama kafiwa, nikamwambia anyamaze, hakunyamaza.

Hospitali walitupokea na kitanda cha magurudumu, muuguzi akapaka ile dawa ya baridi tumboni, akaweka chombo. Kelele tu, shhh, shhh, kama redio isiyoshika stesheni. Akasogeza. Akasogeza tena. Halafu tukausikia, mbio mbio, kama mtu anayekimbia na kandambili. Mkwe hakufanya chochote. Alisema tu, "Endelea kuweka hapo hapo, usitoe," na muuguzi, Mungu ambariki, akaacha pale mpaka daktari alipokuja.

Uzi umeshika. Wamemtundikia dawa ya kutuliza tumbo, wamemchoma sindano za kukomaza mapafu ya mtoto, endapo. Atabaki kwa sasa. Mwanangu kafika jioni ameloa mpaka mifukoni. Hakupiga mluzi.

Jumamosi, 11 Aprili

Nimempelekea Redio mkate na maneno. Maneno yamenishinda, nimempa mkate. Kasema, "Nilijua utakuja leo." Bila shaka alijua.

Ijumaa, 17 Aprili

Mkwe karudi nyumbani. Kijiti chake cha kuchungulia kimenyauka, kitako kimekuwa kama kizibo cha chupa kilichozeeka. Nilitaka kukificha nimwekee kingine mahali pake. Mkono ukakataa. Nimemwonyesha.

"Kimekufa," kasema.

"Kimekufa."

"Nitakitupa mwenyewe." Kakifunga kwenye gazeti, kampa mumewe akakitie kwenye taka. Nikamuuliza kama anataka kingine cha kuchungulia. Kasema hapana, ahsante, mimi nitachungulia kwa macho.

Jumapili, 26 Aprili

MAJANI! Kijiti cha pili kutoka mlangoni kimetoa ncha mbili za kijani, zimekunjana kama mikono ya mtu anayeomba radhi. Nimepiga kelele mpaka Redio kachungulia kwake.

Mkwe kafurahi kuliko nilivyotegemea, mpaka ikanibidi nimwambie ukweli. Msanapichi unadanganya. Unatoa majani kwa chakula kilichobaki mwilini mwake, chini bado hauna hata unywele. Ukiishiwa, unaanguka na majani yake.

"Basi majani si dalili?"

"Ni dalili ya majani."

"Mama!" Kakasirika kweli, na mimi nimefurahi kumwona anakasirika. "Sasa mtu atajuaje?"

Nikamshika mkono, nikampeleka polepole mpaka dirishani, nikaweka kidole chake kwenye kijiti. "Sukuma kidogo. Usivute, sukuma, kama unamgusa mtu bega. Kikienda na wewe, bado. Kikikataa, kimeshika."

Kasukuma. Kijiti kikaenda naye. "Bado," kasema, akarudi kitandani mwenyewe.

Jumapili, 3 Mei

Bado. Mvua tu.

Jumatatu, 11 Mei

Mkwe kaniita kwa sauti ambayo ilinimwagisha maji ya moto. Kumbe amesimama dirishani, kidole kwenye kijiti. "Mama! Kimekataa!"

Nimejaribu mwenyewe. Kimekataa. Na cha pembeni yake pia, hicho wala hakina jani hata moja, kimya kimya kumbe kina kazi yake.

Mchana tumekula pamoja chumbani. Kaanza mwenyewe, anatazama sahani: "Mama, mtoto akizaliwa, ile kofia bado ninayo. Nimvishe hiyo hiyo, au nitafute nyingine?"

Nilijifanya natafuta mwiba kwenye samaki. Nikasema kofia haina kosa.

Jumanne, 19 Mei

Amezaliwa. Jana, saa tisa mchana. Msichana. Kawahi wiki kadhaa, mdogo kama mkate wa nusu, lakini analia kwa sauti ya mtu mzima mwenye madai. Uzi walikata asubuhi chupa ilipopasuka. Mkwe mzima. Mimi nimelia kwenye korido mbele ya watu, sikujali, nikamkumbatia mfagizi nisiyemjua, naye kakumbatia vizuri tu.

Ijumaa, 22 Mei

Mtoto yuko kwenye kisanduku cha kioo, chini ya taa. Amevaa kofia ya njano, imemfika mabegani.

Alhamisi, 28 Mei

Ananyonya. Anaongezeka. Redio anautangazia mtaa uzito wake kila asubuhi.

Jumanne, 2 Juni

Wamerudi nyumbani wote watatu. Namwandika mwanangu humo kwa sababu na yeye alikuwa amehamia hospitali.

Alhamisi, 4 Juni

Mkwe halali. Nimeishi na watu wa zamu ya usiku miaka mingi, naujua uso wa mtu asiyelala, na huu si wa uzazi tu. Mtoto akilia, anatetemeka. Mtoto akinyamaza, ndiyo mbaya zaidi. Anaweka kidole chini ya pua yake. Anaweka sikio kifuani. Anamfinya kidogo mguu, mtoto anashtuka, analia, mama anapumua. Mume wake kasema, "Anamwamsha amuulize kama amelala," na hatukucheka.

Nikimwambia nipe nikushikie, anasema, "Sijachoka, Mama." Macho yamezama mpaka unaona mifupa. Jana karibu aanguke naye mlangoni. Daktari kampa vidonge vya damu na kasema alale. Kila mtu anamwambia alale. Mimi nimeacha kumwambia. Neno hilo kwake ni sawa na kumwambia ageuze mgongo, na mara ya mwisho alipoacha kuchunga, zile siku nne, tunajua kilichotokea. Naogopa kuliko nilivyoogopa kwenye gari la mikate. Kule tulikuwa tunakwenda mahali.

Jumamosi, 6 Juni

Naandika kwa mkono mmoja, shajara iko juu ya mto, kwa hiyo mwandiko usinicheke.

Asubuhi jua lilitoka, la kwanza siku nyingi, nikayapeleka makopo yote nje mbele ya baraza yaote jua. Vijiti vinane vimeshika, kimoja bado nakitilia shaka. Mchana nikaja kukaa kwenye kiti cha chumba cha mbele, nachambua mchele. Sikusema kitu. Mkwe amekaa kitandani, mtoto kifuani, anayumba kama mlevi.

Kaniuliza, "Mama, utakuwa hapo muda mrefu?"

"Mchele wenyewe una mawe mengi."

Akamhamishia mtoto bega la pili: "Ukimshika, utamtazama? Si kumshika tu. Kumtazama."

"Nitamtazama."

"Hutasinzia?"

"Miaka thelathini nimekesha na tanuri, mkate ulioungua kwa zamu yangu hajauona mtu. Nitashindwa na huyu?"

"Na akifanya chochote kigeni, hata kidogo, utaniamsha. Hutasema mwache mama apumzike."

"Nitakuamsha hapo hapo. Nitakwambia kweli."

Alinitazama sana. Nadhani alikuwa analitafuta lile gari, na giza lile, na kile nilichomjibu. Kisha akainuka, akaja, akamweka kwenye mkono wangu wa kushoto, akaiweka sawa ile kofia. Akarudi kitandani. Akalala ubavu, uso ukutani, mgongo kwetu. Sijamaliza kurekebisha kiwiko, anakoroma. Mkwe wangu anakoroma kama lori! Miezi yote hii nyumba moja, sikujua.

Hiyo ilikuwa saa nane. Sasa ni saa kumi na moja. Katikati hapo wingu likajikusanya, na mvua ikashuka kama imemwagwa kwa ndoo. Makopo yangu yote yako nje, wazi. Nayaona kupitia dirishani, yamejaa mpaka mdomoni, mchanga unatoka nje, moja limeshapinduka. Mizizi michanga ile, maji hayo, kesho itakuwa uji. Mwanangu bado kazini. Kumwita Redio ni kupiga kelele, na kuinuka ni kumtikisa huyu.

Sijainuka. Mkono umekufa ganzi tangu saa tisa, simsogezi. Anapumua. Namtazama, kama nilivyoahidi: kifua kinapanda, kinashuka, mara kinasita kidogo kama anafikiria jambo, kisha kinaendelea.

Sasa hivi mkwe kajigeuza. Macho hayakufunguka.

"Mama, yupo?"

"Yupo. Lala."

Kalala.